Maji ya Chita Yanakwenda Mafia: Historia Fupi ya Misimu ya Uvuvi Bondeni Kwetu



Kila mwaka kijitabu hiki hutupa taarifa ya miradi, orodha ya waliochangia na hesabu zilizokaguliwa. Safari hii kamati iliona ziongezwe kurasa chache za historia ya kwetu, na kazi hiyo nikapewa mimi, ambaye kwa taaluma ni mhasibu. Nimechagua kuandika kuhusu samaki na misimu yao. Sikuchagua kwa sababu ya ladha tu, ingawa hakuna mtoto wa Kilombero asiyejua wali mpya wa shambani na kambale wa kubanika. Nimechagua kwa sababu katika orodha ya miradi ya mwaka huu, chini ya madarasa na zahanati, upo mstari mmoja mfupi unaosomeka "Mradi wa wavuvi". Katika kikao chetu cha mjini wengi waliuliza swali la haki kabisa: kwa nini tuchangie samaki, ambao Mungu amewaweka mtoni bure, wakati watoto wetu bado wanabanana madarasani?

Swali hilo halijibiki kwa hesabu za mwaka mmoja. Linajibika kwa historia. Naomba mnivumilie kurasa hizi chache.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Walio nje ya bonde, wakisikia jina la Chita, wengi hukumbuka kambi ya JKT, hasa wale waliopita pale kwa mujibu wa sheria na bado wanasimulia mbu wake. Sisi tunaijua Chita kwa maji. Nyuma yetu imesimama milima ya Udzungwa, na mbele yetu limelala bonde lenye urefu wa takribani kilomita 260 na upana unaofika kilomita 52. Mvua inayonyesha milimani haikai kule. Inateremka kwa Kihansi, kwa Mngeta, kwa Ruipa na kwa vijito visivyo na jina kwenye ramani, inaingia bondeni na kukutana na maji ya Mpanga, Mnyera, na Ruhudji inayotoka upande wa Njombe. Yote hayo ndiyo Kilombero.

Zamani mto huu uliitwa pia Ulanga, na jina hilo limebaki kwa wilaya iliyo ng'ambo. Ukifika mbele unaungana na Luwegu, na kutoka hapo haitwi tena Kilombero wala Ulanga bali Rufiji. Wataalamu wa maji wanakadiria kwamba karibu asilimia 62 ya maji ya Rufiji kwa mwaka hutoka katika bonde la Kilombero. Kwa lugha ya kawaida, katika kila ndoo kumi za maji yanayopelekwa baharini na Rufiji, sita zimetoka kwetu.

Na mto huo unamwagika wapi? Unamwagika kwenye delta yenye misitu ya mikoko, na mbele ya delta hiyo, ng'ambo ya mlango wa bahari, kipo kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mvuvi wa Chita na mvuvi wa Kilindoni, ambao hawajawahi kuonana, wanavua kwenye ncha mbili za mto mmoja. Nitarudi Mafia baadaye, kwa sababu kuna jambo wenzetu wa kule wamelifanya ambalo sisi tunaweza kujifunza.

KALENDA YA BONDE

Mvuvi wa bonde letu hana mwezi unaofanana na mwingine. Nitaieleza kalenda kama inavyoelezwa na wanaoishi kwayo, kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya, ambao samaki wanamjua akiwa kwenye friji.

Desemba hadi Februari. Mvua zinaanza na vijito vinafufuka. Maji mapya yenye rangi ya udongo yanapoingia kwenye nyasi, kambale hutoka mtoni na mabwawani na kupanda kuyafuata, hadi mashambani kwenye mpunga. Anakwenda kutaga. Kambale ana uwezo wa kupumua hewa, ndiyo maana unaweza kumkuta akijiburuza kwenye maji yasiyofika kwenye kifundo cha mguu. Huu ndio wakati rahisi kuliko wote wa kumkamata. Hata mtoto mwenye fimbo anaweza. Na ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumkamata, kwa sababu jike mmoja aliyeshiba mayai amebeba makumi ya maelfu.

Machi hadi Mei. Bonde limejaa. Mahali palipokuwa na njia ya miguu panapita mtumbwi. Samaki wapo wengi, lakini wametawanyika kwenye nyasi kama watu baada ya mnada. Mavuno ni madogo na hatari ni kubwa, kwa kuwa viboko nao wametawanyika. Mvuvi mzoefu hutega migono na ndoano pembezoni, karibu na mpaka wa maji na nchi kavu, na huacha maji makuu yafanye kazi yake. Humo kwenye nyasi vifaranga wanakula na kukua bila kuonwa. Perege jike amebeba mayai na watoto wake mdomoni. Ukimvua yeye, umevua na kizazi chake.

Juni na Julai. Maji yanaanza kurudi. Hii ndiyo miezi ya mavuno. Samaki walionenepa kwenye mafuriko wanarejea mtoni kwa kupitia mifereji ileile ambayo maji yalipandia. Mvuvi anayekijua kila kijifereji huweka wigo wa miti na mafunjo, akaacha mlango, na mlangoni akatega mgono. Kazi kubwa ni kujua siku. Ukitega mapema unapata maji matupu. Ukichelewa samaki wameshapita. Wazee hutazama alama ya tope kwenye mashina ya miti: ikionekana kwa upana wa kiganja, migono iwe tayari.

Agosti hadi Novemba. Kiangazi. Mto umerudi kwenye kitanda chake na bondeni yamebaki mabwawa. Wavuvi huhamia kambini, kama wakulima wanavyohamia kwenye madungu wakati wa mpunga. Hapo hupatikana kambale wa mabwawani, perege, na mtoni kitoga, ndungu na ngogo, ambaye mgeni hujifunza kumwogopa kwa miiba yake siku ya kwanza anapomtoa kwenye wavu. Usiku wa giza wavu hupata zaidi kuliko usiku wa mbalamwezi, na saa za magharibi na alfajiri hupita saa za jua kali. Lakini bwawa linalokaribia kukauka ni mtego kwa pande zote: samaki hawana pa kwenda, mamba nao wamekusanyika, na mtu mwenye tamaa anaweza kulimaliza bwawa zima kwa siku mbili.

Ukiisoma kalenda hiyo kwa jicho la mhasibu utaona jambo moja. Samaki wa Juni wanatokana na kambale walioachwa kupanda Januari, na kambale wa Januari wanatokana na mabwawa yaliyoachwa bila kumalizwa Novemba. Mtaji wa mto hauko benki. Umo kwenye mabwawa machache yenye kina katika miezi miwili ya mwisho ya kiangazi, na riba yake hulipwa Juni.

KABLA YA BARABARA NA RELI

Bonde letu lina makabila mengi: Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangoni na wengine waliofuata. Katika hao Wandamba ndio waliojulikana tangu zamani kuwa watu wa mtoni hasa, wenye mitumbwi na migono. Walijulikana pia kwa uwindaji. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja aitwaye Hodgson alichapisha maelezo kuhusu mila za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga. Mwaka 1935 A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick wakatoa kitabu kizima kuhusu Wabena wa bondeni, kwa jina la "Ubena of the Rivers", yaani Ubena wa Mitoni. Jina hilo peke yake linatosha kueleza tofauti: Wabena wa Njombe ni watu wa milimani, wa kwetu ni watu wa maji.

Samaki mkavu alikuwa zaidi ya kitoweo. Alikuwa akiba. Mpunga ukiharibiwa na mafuriko, mafuriko hayohayo yalileta samaki. Mvua ikiwa chache na samaki wakapungua, wakulima wa pembezoni walivuna. Watu wa bondeni walisimama kwa miguu miwili. Tukumbuke kwamba katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, boma la Mahenge lilishambuliwa mwezi Agosti 1905, na baada ya hapo sehemu nyingi za kusini ziliingia kwenye njaa kubwa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yaliunguza mashamba na maghala. Ghala linaweza kuchomwa moto. Mto hauchomwi.

Wazee wetu wanasimulia pia kwamba bwawa halikuwa la kila mpita njia. Lilikuwa na watu walioliangalia, na kulikuwa na siku ya kuanza kuvua. Mgeni aliruhusiwa kuvua akiomba. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na labda ndiyo sababu ulifutika kwa urahisi. Walichokifahamu ni kwamba kitu kinachomilikiwa na wote bila msimamizi humalizwa na yule anayeamka mapema zaidi.

WATAALAMU WALIPOKUJA

Baada ya vita vya pili bonde letu lilianza kutazamwa na wageni wenye ramani. Katika miaka ya 1950 maabara ya Waswisi ilianzishwa Ifakara na Profesa Rudolf Geigy kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya bonde ikatangazwa kuwa pori tengefu. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya majuzuu saba kuhusu bonde la Rufiji, na miaka hiyohiyo kiwanda cha sukari kikaanza kazi upande wa Kidatu. Mwaka 1968 Wajerumani wawili, Jätzold na Baum, wakachapisha kitabu kuhusu bonde la Kilombero.

Macho ya wageni wengi yalikuwa kwenye udongo: mpunga, miwa, pamba, umwagiliaji. Na kweli udongo wetu ni wa kujivunia. Lakini rutuba ya udongo huo na wingi wa samaki wetu vina baba mmoja, nao ni mafuriko. Maji yanayoacha tope shambani ndiyo yanayolea vifaranga. Anayetaka kuyazuia yasipande kwa ajili ya kimoja, ajue anagusa na cha pili.

Kisha likaja jambo lililobadilisha kabisa maisha ya Chita. Kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Ilipita chini ya milima, kando ya bonde, kwetu kabisa. Miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha watu waliotawanyika kandokando ya maji na kuwapanga kwenye vijiji karibu na barabara na reli. Shule na zahanati zilipatikana kwa njia hiyo, na sisi tunaosoma kijitabu hiki ni matunda yake. Lakini kwa mvuvi mambo mawili yalitokea kwa mpigo. Kwanza, aliondoka karibu na bwawa lake. Hakuweza tena kuliona kila asubuhi. Pili, soko lilimfuata. Tenga la samaki wa kubanika lililokuwa likiuzwa kijijini sasa lilipanda behewa na kuelekea Makambako, Mbeya au Dar es Salaam.

Na soko lilileta wavu wa dukani. Mgono mmoja husukwa kwa siku kadhaa, na mwaka unaofuata umeoza; wavu wa nailoni unanunuliwa leo, unategwa leo, na hauozi. Wavuvi wakongwe waliupenda, na wasingekosa kuupenda. Tatizo lilikuja macho ya wavu yalipopungua mwaka hadi mwaka. Samaki wakubwa wakiisha, mvuvi hubana macho ya wavu ili apate wadogo. Wadogo wakivuliwa, wakubwa hawapatikani tena mwakani. Huo ni mkopo wa kulipia mkopo, na wahasibu wote tunajua mwisho wake.

UPANDE WA PILI WA MTO

Sasa twende Mafia kama nilivyoahidi. Kule kalenda hainukuliwi kwa mafuriko bali kwa pepo. Kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi. Bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu, na mashua hutoka mbali kufuata nguru na jodari. Kuanzia Aprili hadi Oktoba huvuma kusi. Juni hadi Agosti ni miezi ya mawimbi makali, na mvuvi mwenye chombo kidogo hubaki nyuma ya miamba na ndani ya ghuba, akivua changu na tasi. Katikati, pepo zinapobadilishana, kuna kipindi kifupi cha utulivu ambacho mabaharia hukiita tanga mbili.

Juu ya pepo ipo kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa sana na miamba hubaki wazi. Wanawake kwa wanaume hutembea juu yake na vijiti wakitafuta pweza mashimoni. Wakati wa maji mafu kazi hiyo husimama. Usiku wa giza ni wa dagaa, wanaovutwa kwa taa. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja karibu na Kilindoni kula viumbe wadogo wa majini, na watalii huenda kuogelea naye. Mnyama mkubwa vile hana haja na mtu.

Wapo wanaodhani bahari haihitaji mto. Waulizeni wavuvi wa kamba wa delta ya Rufiji. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wake hukulia kwenye mikoko, mahali maji ya chumvi yanapochanganyika na maji ya mto. Mvua nzuri bara ni habari njema kwao. Kamba hao walivuliwa mno na meli za kukokota nyavu, mavuno yakaporomoka, na mwaka 2007 Serikali ikasimamisha uvuvi huo wa meli. Tope na maji matamu yanayowalea yametoka mbali, na sehemu kubwa yametoka kwetu.

Jambo la kujifunza ni hili. Mafia ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, mwaka 1995, chini ya sheria ya 1994. Mwanzoni wavuvi wengi hawakuipenda, na migogoro ilikuwepo. Lakini katika miaka ya karibuni, katika maeneo mbalimbali ya mwambao kama Songosongo kule Kilwa na Kisiwa Panza kule Pemba, wanavijiji wenyewe wamekuwa wakikubaliana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana. Siku ya kufungua, kijiji kizima hushuka pwani, na wanaopima uzito huandika kila pweza kwenye daftari. Hakuna anayehitaji kuhubiriwa, mizani inasema. Hata kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 2024, uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Ni uleule wa wazee wetu wa bwawa lenye msimamizi na siku ya kuanza. Tofauti ni daftari tu.

KILICHOBADILIKA KWETU

Nisingependa mtu asome makala haya akadhani namlaumu mvuvi peke yake. Mabadiliko yametoka pande nyingi.

Upande wa milimani, kituo cha umeme cha Kihansi chenye megawati 180 kilianza kuzalisha umeme mwanzoni mwa karne hii. Taifa lilihitaji umeme huo. Lakini maji ya maporomoko yalipopunguzwa, chura mdogo wa Kihansi, ambaye hakuwepo mahali pengine popote duniani, alitoweka porini, na baadhi yake wakahifadhiwa Marekani hadi walipoanza kurudishwa mwaka 2012. Chura huyo alitufundisha kwamba maji yakibadilishwa njia, wa kwanza kuumia ni wale wasio na sauti.

Upande wa bondeni, mashamba ya mpunga yamepanuka hadi kwenye ardhi iliyokuwa ya maji na nyasi. Mifugo iliingia kwa wingi, na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuiondoa. Bonde lilikuwa limeshatambuliwa kimataifa mwaka 2002 kuwa eneo la Ramsar, lenye hekta 796,735. Heshima hiyo inatokana na ardhi oevu yenyewe na viumbe wake, akiwemo sheshe, ambaye wengi wa jamii yake duniani walihesabiwa hapa. Wageni kutoka nchi za mbali hulipa fedha nyingi kuvua kwa ndoano samaki mkali mwenye meno marefu katika mito Mnyera na Ruhudji, wakapiga picha naye, kisha wakamrudisha majini. Wenzetu wanalipia kumwachia samaki tunayemmaliza bure.

Na upande wa nyumbani kuna chandarua. Kilombero na Ulanga ni miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini ambako, mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilisambazwa kwa mpango maalumu uliosimamiwa kutoka Ifakara, na mpango huo uliokoa maisha ya watoto wengi. Leo ukipita kwenye vijito mwezi Februari utaviona vyandarua majini, vikikusanya vifaranga wasiofika urefu wa kidole. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinakataza nyavu za aina hiyo, pamoja na kokoro, nyavu za timba na sumu. Ila sheria inakaa mbali na kijito, na mama anayetafuta mboga ya jioni yuko karibu nacho.

Chini zaidi, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Sehemu kubwa ya maji hayo ni yetu. Maana yake macho ya taifa zima sasa yanaitazama Kilombero kama chanzo cha umeme. Tutaulizwa, na ni haki tuulizwe, tunavyotunza vijito na mabwawa yetu. Itakuwa vizuri tukiulizwa tuwe na la kuonyesha.

KILE TUNACHOCHANGIA

Sasa narudi kwenye ule mstari mmoja wa bajeti. Mradi wa wavuvi una vitu vinne, na kila kimoja kinatokana na historia niliyoieleza.

Cha kwanza ni mizani na madaftari. Tunataka katika kila kambi ya uvuvi ya eneo letu awepo kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anayepima na kuandika: tarehe, kimo cha maji, aina ya samaki, uzito, bei. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na kalenda iliyoandikwa, badala ya kutegemea vichwa vya wazee wanaopungua kila mwaka. Hakuna benki, halmashauri wala mfadhili anayekopesha shughuli isiyo na kumbukumbu. Hilo nalisema kwa uzoefu wa kazi yangu.

Cha pili ni mabwawa ya mbegu. Serikali za vijiji pamoja na wavuvi wenyewe watachagua mabwawa machache yenye kina, yasivuliwe kabisa kuanzia Oktoba mpaka mvua zijae. Fedha yetu itagharamia vikao, mabango na posho ndogo ya walinzi katika miezi hiyo. Bwawa lipi, waamue wao. Sisi wa mjini tusichague bwawa kwa simu.

Cha tatu ni majiko bora ya kubanikia. Wakati wa mavuno ya Juni na Julai samaki wengi huharibika au huliwa na wadudu kwa kukosa moshi wa kutosha, na kuni zinazotumika ni nyingi. Jiko la udongo lenye trei za waya hukausha zaidi kwa kuni chache. Samaki anayeokolewa jikoni ni sawa na samaki wa ziada mtoni, na hakuna aliyelazimika kumvua. Wanaobanika wengi ni akina mama, kwa hiyo fedha hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye daftari la shule na sare ya mtoto. Hapo ndipo madarasa na samaki vinapokutana, kwa wale waliouliza.

Cha nne ni mbadala wa chandarua. Kumnyang'anya mama chandarua chake bila kumpa kitu ni kumfundisha kuvua usiku. Mradi utanunua nyavu na ndoano halali kwa bei ya jumla na kuzitoa kwa mkopo mdogo kupitia vikundi vya kina mama na vya wavuvi, na marejesho yatazunguka kwa wengine.

Ndugu zangu, nimeangalia vitabu vya umoja wetu kwa miaka kadhaa. Miradi mingi tuliyoifanya ni ya kujenga kitu kipya, na ni mizuri. Huu ni wa kutunza kitu ambacho tayari tunacho. Kutunza hakuna sherehe ya kukata utepe, na picha yake si nzuri sana: bwawa lililotulia ambalo hakuna mtu anavua. Lakini darasa likibomoka tunaweza kulijenga tena kwa harambee nyingine. Kambale wakiisha kwenye kijito, hakuna harambee itakayowarudisha.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Kwenye mstari wa tatu umeandikwa "Wavuvi". Anayeweza kutoa kikubwa atoe. Asiyeweza, bei ya kilo moja ya samaki unayonunua mjini mwezi huu inatosha kuanzia. Na mtakaokwenda nyumbani likizo ya Juni, fikeni kambini mkaone maji yanavyorudi, mnunue kambale pale pale kwa mvuvi, na mwombeni kijana wa daftari awaonyeshe alichoandika.

Mungu aibariki Chita, na mvua zinyeshe kwa wakati wake.